Farasi-bahari vibete: ukitaka kuwafuga, anza kwa kufuga chakula chao

#1 NyasiBahari (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Maswali ya farasi-bahari vibete yanajirudia kila mara. Mmoja anauliza tangi, mwingine kichujio, wa tatu bei. Swali la chakula huja mwisho, wakati farasi wameshafika na wana siku tatu hawajala. Uzi huu naugeuza: chakula kwanza, tangi baadaye.

Tunayemzungumzia ni *Hippocampus zosterae*. Kwao ni Ghuba ya Meksiko, Florida, Bahama na Kuba, kwenye nyasi-bahari za maji mafupi yaliyotulia. Aliyekomaa ana sentimita 2 hadi 2.5, anaenea juu ya ukucha wa kidole gumba. Huishi mwaka mmoja hivi, akitunzwa vizuri sana hukaribia miwili.

Hana tumbo la kuhifadhia chakula wala meno. Anachomeza hupita kwenye utumbo upesi, kikiwa hakijameng'enywa chote, ndiyo maana hula mchana kutwa. Na lazima kiwe hai, kinachosogea. Vya kugandishwa na vya unga sahau.

Mtazame akila. Amejifunga mkia kwenye jani, hajitikisi. Macho yanazunguka, kila moja kivyake. Kiluwiluwi wa artemia, uduvi mdogo wa maji ya chumvi, anapita. Jicho moja linamshika, la pili linafuata. Kichwa kinainama taratibu, ncha ya pua inasogea chini ya mawindo, halafu ghafla mawindo hayapo. Hukuona mdomo ukifunguka. Nyumba ikiwa kimya na sikio likiwa karibu na kioo unasikia "tik".

Yaani huyu hafukuzi chakula, anangoja kimpitie puani. Basi kinachomshibisha ni wingi wa chakula katika kila lita. Viluwiluwi wanaotosha lita 20 ukiwamwaga kwenye lita 100, farasi atakonda huku chakula kimo ndani. Hapa ile kanuni ya "tangi kubwa ni salama zaidi" inageuka. Lita 20 hadi 40 ndizo saizi yake.

Sasa kuangua artemia:

Chukua chupa ya soda ya lita 2, kata kitako, igeuze kichwa chini, kizibo kikazwe. Weka maji lita 1, chumvi gramu 25, na bikaboneti ya soda nusu kijiko cha chai ili pH ikae juu ya 8. Mayai gramu 1, kama theluthi ya kijiko cha chai. Mpira wa hewa ufike chini kabisa shingoni, bila jiwe la hewa, kwa sababu mapovu madogo ya jiwe huyapandisha mayai na kuyagandisha ukingoni juu ya maji, yanakauka hapo. Hewa iwe na nguvu ya kutoacha yai litulie. Joto nyuzi 26 hadi 28, taa karibu na chupa muda wote. Baada ya saa 18 hadi 24 maji yatakuwa rangi ya chungwa.

Zima hewa, subiri dakika 10, weka tochi chini ya chupa. Maganda yanaelea juu, mayai yaliyokataa yanazama chini shingoni, viluwiluwi wanafuata mwanga. Vuta kwa mpira mwembamba ile sehemu ya chungwa tu, juu kidogo ya shingo. Chuja kwa kitambaa cha maikroni 120, suuza, ndipo uwatie kwenye tangi. Maji ya chupa yasiingie hata tone, yamejaa bakteria na uchafu wa maganda.

Gramu 1 ya mayai mazuri hutoa viluwiluwi zaidi ya 200,000. Kwa farasi kumi na wawili robo gramu kwa siku inatosha. Weka chupa mbili, moja ianze saa moja asubuhi na nyingine saa moja jioni, ili kila mlo uwe mpya. Kiluwiluwi aliyekaa siku nzima bila kula amepoteza karibu robo ya nguvu aliyozaliwa nayo. Anaogelea vilevile, ila ndani hana kitu.

#2 KisauniReef

Shukrani mkuu, uzi umekaa vizuri. Swali: nalisha mara ngapi, na nitajuaje kwamba nimezidisha?

#3 NyasiBahari

Mara mbili ndiyo mwisho wa chini, tatu au nne ni bora. Kipimo ni tochi. Saa mbili baada ya kulisha mulika tangi kwa ubavu, uone bado viluwiluwi kadhaa wanapita mbele ya kila farasi. Baada ya saa sita wawe wamekwisha karibu wote. Wakibaki wengi, punguza: hao waliobaki ni chakula kibovu, na wanalisha wadudu nitakaowaeleza baadaye.

Tazama pia kinyesi. Farasi akila kupita kiasi hutoa viluwiluwi wazima, unawatambua kwa umbo. Na tazama tumbo kwa mbele: likiwa limejaa kiasi au bapa, sawa. Likibonyea kati ya pingili, ana njaa ya siku kadhaa.

Taa isimulike kona moja tu. Viluwiluwi watajikusanya hapo kama nondo na farasi wa upande wa pili hawatapata kitu.

#4 MamaUduvi

Naongezea kuhusu maganda, kwa sababu ndiyo yanayoua vifaranga kimyakimya. Ganda la yai halimeng'enywi. Kifaranga wa milimita 8 akimeza maganda utumbo unaziba, na wewe unaona tu amekufa akiwa na tumbo limejaa. Dawa ni kuyavua mayai maganda kabla ya kuangua.

Kwa gramu 10 za mayai: loweka kwenye maji ya kawaida saa 1 huku hewa ikipita, mpaka yawe duara kabisa. Chuja. Andaa mililita 40 za maji baridi na mililita 100 za jiki yenye klorini asilimia 5, isiyo na manukato. Kama chupa yako imeandikwa asilimia 3.5, tumia mililita 143 na usiongeze maji. Tia mayai, koroga mfululizo. Rangi itatoka kahawia kwenda kijivu, kisha chungwa. Kawaida ni dakika 5 hadi 7, lakini usifuate saa, fuata rangi. Mchanganyiko unapata joto wenyewe, kwa hiyo bakuli liwe juu ya barafu. Likipita nyuzi 40 mayai yanakufa.

Yakishakuwa chungwa mimina haraka kwenye chujio, suuza kwa maji mengi mpaka harufu ya jiki iishe, kisha yatumbukize dakika moja kwenye maji yenye chembe chache za thiosalfeti ya sodiamu, ile dawa ya kuondoa klorini. Suuza tena. Unaweza kuyaangua hapohapo, au kuyahifadhi kwenye friji ndani ya maji yaliyoshiba chumvi kwa wiki moja.

Faida ya pili: jiki inaua vijidudu vilivyokaa juu ya ganda, na haidroidi, wale wadudu aliowagusia NyasiBahari, wengine huingia kwa njia hii ya chakula na vifaa vyake.

#5 TampaChumvi

Dada MamaUduvi, mimi nadondoshea vitamini na mafuta ya samaki kwenye viluwiluwi dakika 30 kabla ya kulisha. Kuna haja ya kuvua maganda kama tayari nawaongezea lishe?

#6 MamaUduvi

Hayo ni mambo mawili tofauti, kaka, na hilo la vitamini linakupotezea pesa. Kiluwiluwi aliyetoka kwenye yai hana mdomo wazi. Anaishi kwa kiini alichozaliwa nacho. Mpaka ajivue gamba mara ya kwanza, saa 8 hadi 12 baada ya kutoka, hawezi kumeza chochote. Unachofanya ni kumpaka mafuta kwa nje, na mafuta hayo yanaishia kwenye tangi la lita 20 ambalo halina mahali pa kuyaficha.

Fanya hivi. Mlo wa asubuhi walishe wapya kabisa, wana nguvu ya kiini. Waliotoka jioni wahamishie kwenye chombo kingine cha maji ya chumvi, subiri saa 12, ndipo utie mafuta yenye DHA (aina ya omega-3), Selcon au mengineyo, kiasi cha gramu 0.3 kwa lita. Baada ya saa 12 nyingine wachuje, wasuuze kwa dakika mbili chini ya maji, walishe jioni. Artemia kwa asili hana DHA ya kutosha. Farasi akila artemia mtupu miezi mitatu ataonekana mzima, ila vifaranga wake watazaliwa dhaifu.

Vifaranga wa wiki ya kwanza usiwape hao wa kuongezewa lishe. Wameshakuwa wakubwa na wanaogelea kwa kasi zaidi.

Kama huna muda wa kuangua kila saa 12, waliotoka leo wahifadhi kwenye friji nyuzi 4 wakiwa na hewa kidogo. Kwa siku moja hawapotezi nguvu nyingi, baridi inawatuliza.

#7 NyasiBahari

Na kopepodi, vijidudu vya majini jamii ya kamba, wana DHA yao wenyewe, hawahitaji kuongezewa. Tisbe hukaa kwenye mwani na mchanga, Apocyclops huelea. Mwaga Tisbe wiki mbili kabla farasi hawajaingia ili wazaane. Hawatoshi kuwa mlo mkuu kwenye tangi dogo, ni vitafunio vya katikati ya siku.

#8 FundiPampu

Tangi kwa kifupi, maana chakula ndicho kazi.

Lita 20 hadi 40. Kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa, mapovu makubwa mawili au matatu kwa sekunde. Pampu ya maji usitie, itafyonza viluwiluwi na vifaranga. Joto nyuzi 22 hadi 25. Uzito wa chumvi 1.022 hadi 1.025 kwa refraktomita, kile kipimo cha kuelea cha plastiki hudanganya. Amonia na naitraiti sufuri. Sponji ikomazwe, yaani bakteria wanaokula amonia wakue ndani yake, wiki 4 hadi 6 kwa kutia amonia kidogo kidogo mpaka inapotea yote ndani ya saa 24 na naitraiti nayo haionekani.

Vishikio viwe vyembamba, milimita 1 au 2, kama bua la mwani *Caulerpa prolifera* au majani ya plastiki. Mti mnene mkia hauwezi kuuzunguka. Kaa, kamba, samaki, anemoni, matumbawe: hapana kwa wote. Konokono aina ya nerite na cerith wanafaa.

Kila siku nyonya kinyesi na viluwiluwi waliokufa kwa mpira wa hewa, maji yaangukie kwenye ndoo nyeupe. Kagua ndoo hiyo kabla ya kumwaga, kifaranga ni rahisi kumpoteza. Badilisha asilimia 10 hadi 20 ya maji mara mbili kwa wiki.

#9 Mzizima_Aqua

Mkuu FundiPampu, huku Dar chumba kinafika nyuzi 30 na zaidi. Kule Florida kiangazi si maji yanapata joto hilohilo? Kwa nini nihangaike?

#10 FundiPampu

Kweli, porini wanalistahimili. Lakini bahari haimwagiwi artemia mara tatu kwa siku ndani ya lita 20. Kwenye tangi, chakula kilichokufa pamoja na nyuzi 29 ni shamba la bakteria, na Vibrio ndiye wa kwanza kuvuna. Ngozi inababuka, mkia unaanza kuwa mweupe nchani, siku mbili baadaye hayupo.

Feni ndogo ipulize juu ya uso wa maji, itashusha nyuzi 2 au 3. Maji yatakauka haraka, kwa hiyo weka alama kwenye kioo na ujazie maji yasiyo na chumvi kila asubuhi, kwani kinachopanda angani ni maji, chumvi inabaki. Chupa za barafu kuzamisha na kutoa usizitumie, zinapandisha na kushusha joto kila saa.

Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri iende kwanza kwenye chupa ya artemia. Tangi linavumilia saa kadhaa, chupa yenye viluwiluwi laki moja haivumilii hata saa moja.

#11 KisauniReef

Mnawataja hao haidroidi kila mara. Ni nini hasa? Mimi kwenye kioo naona vitu kama unywele mweupe, mfupi, mwishoni umechanua. Nilidhani ni mwani.

#12 NyasiBahari

Ndugu yangu, hao ndio wenyewe.

Ni jamaa wa yavuyavu na anemoni, wadogo mno. Zima taa ya chumba, mulika tochi kwa ubavu wa kioo, tumia lenzi. Utaona bua la milimita 1 au 2 limesimama, juu yake taji la mikono myembamba. Kiluwiluwi wa artemia akigusa mkono mmoja anakakamaa papo hapo, mikono mingine inamfunika, na kichwa cha haidroidi kinageuka chungwa kwa ndani. Wengine wanaelea wakipwitapwita kama kengele ndogo ya kioo: hao ndio wanaobeba mbegu kwenda kila pembe.

Farasi mkubwa anapata vidonda mkiani anapojifunga penye haidroidi, na bakteria wanaingilia hapo. Kifaranga anakufa kabisa. Kinachouma ni kwamba unachowalisha farasi ndicho hasa kinachowanenepesha haidroidi. Tangi hilohilo ukitia samaki wengine unaowalisha chembe kavu huenda usiwaone kamwe. Ukianza artemia kila siku, wiki tatu baadaye kioo kimeota manyoya.

Wanaingia na mawe hai (mawe ya bahari yenye viumbe ndani), mwani usiosafishwa, maji ya dukani, hata chujio lililotumika tangi jingine. Ndiyo maana kwa vibete tunatumia mawe makavu.

Tiba ni fenibendazoli, dawa ya minyoo ya mbwa, Panacur ya chembechembe ya asilimia 22.2. Kipimo ni moja ya nane ya kijiko cha chai kwa lita 38. Kwa lita 19 gawa nusu. Haiyeyuki yenyewe: itikise kwenye kikopo cha maji ya tangi mpaka iwe kama maziwa, mimina. Rudia baada ya siku moja, kisha tena, jumla mara tatu. Toa kaboni kwenye kichujio kwanza. Baada ya dozi ya tatu subiri siku mbili, badilisha nusu ya maji na kunyonya mabaki yote, maana haidroidi na minyoo waliokufa watapandisha amonia. Pima kila siku.

Vibete wanaistahimili, lakini iliyo bora ni kutibu tangi tupu kabla hawajaingia. Ifahamike pia kwamba dawa hujificha ndani ya mawe na sponji kwa miezi. Konokono wengi na minyoo yote watakufa. Nerite, cerith na nassarius kwa kawaida wanabaki. Jiwe lililopitia dawa hii usilipeleke kamwe kwenye tangi la matumbawe.

#13 TampaChumvi

Nimeelewa kuhusu vitamini, dada. Sasa wakifika kwa posta, nawazoesha maji kwa kudondosha maji ya tangi kwenye mfuko saa mbili, sivyo?

#14 MamaUduvi

Kama umewachukua dukani jirani, dondosha dakika 45, sawa. Wa posta hapana. Kwenye mfuko wa siku mbili amonia imejaa, ila pH imeshuka kwa pumzi yao, na pH ikiwa chini amonia haina sumu kali. Ukifungua mfuko na kuanza kudondosha maji ya pH 8.2, unaigeuza amonia ileile kuwa sumu huku wao wamo ndani.

Muulize muuzaji chumvi yake, andaa ndoo ya maji mapya yenye chumvi hiyohiyo. Acha mfuko uelee humo dakika 20 joto lilingane. Fungua, wahamishe kwa kikombe kidogo kwenda kwenye maji mapya, maji ya mfuko mwaga. Usitumie wavu, na usiwainue hewani: wakimeza hewa wataelea juu wasiweze kushuka.

#15 Mzizima_Aqua

Dume wangu mfuko umevimba. Ni mimba au ugonjwa wa hewa?

#16 NyasiBahari

Tazama anavyokaa. Mwenye mimba anaogelea wima kawaida, mfuko mzito, mweusi kidogo. Mwenye hewa anavutwa juu, mkia unapanda, anahangaika kushuka. Kama anashuka bila taabu, subiri. Mimba huchukua siku 10 hadi 14 hivi kulingana na joto.

Vifaranga wanazaliwa kamili, milimita 7 hadi 9, kwa kawaida wachache, 5 hadi 25. Wanashika jani siku ileile na kula artemia mpya siku ileile. Hilo ndilo linalowafanya vibete kuwa rahisi kuzalisha kuliko farasi-bahari wengi, ambao vifaranga wao huelea juu kwa wiki. Waache na wazazi, hawaliwi. Ongeza mlo mmoja. Wakifika miezi mitatu wamekomaa.

#17 KisauniReef

Hawa wa kwetu Pwani je? Si bora kuliko kuagiza Marekani?

#18 FundiPampu

Hao ni aina nyingine. *H. camelopardalis* anafika sentimita 10, *H. kuda* anapita 15. Wanataka tangi refu la lita 100 na zaidi, na kamba wadogo wa kugandishwa, na vifaranga wao huelea. Karibu hakuna kitu kwenye uzi huu kinachowafaa. Tena farasi-bahari wote wa jenasi hiyo wako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Mei 2004, kuwavusha mpaka kunahitaji kibali. Waache kwenye nyasi zao. Ukinunua kibete, nunua aliyezaliwa kwenye tangi. Wa porini huja na vimelea na uchovu wa safari.

#19 Mzizima_Aqua

Asanteni wakuu. Tangi jipya la pili limekomaa, amonia sufuri, majani yamo. Jozi tatu zinaletwa wiki ijayo na mtu anayetoka Marekani, kibali tayari. Mayai ya artemia nitafungua kopo siku hiyohiyo wakifika.

#20 MamaUduvi

Kaka, ahirisha wao, fungua kopo leo. Angua robo gramu asubuhi na robo gramu jioni kwa siku 14 bila kukosa, kabla hawajaja. Kila mara chota mililita 1 kwenye kisahani cheupe, hesabu viluwiluwi, hesabu na mayai yaliyokataa. Ikiwa yaliyoanguliwa hayafiki nusu, kopo limepata unyevu au lina umri mkubwa, badilisha. Lililo zima ligawe kwenye vichupa vikavu, vifunge, weka kwenye friza, na kila kichupa kikae nje usiku mmoja kabla ya kufunguliwa ili mvuke usigande kwenye mayai.

Hao viluwiluwi watie kwenye tangi tupu kidogo kidogo, kisha kila usiku mulika kioo kwa tochi. Kama kuna haidroidi ndani, wataota wakati huo, na utatibu bila farasi hata mmoja kuumia.